Nilikata Maneno Matatu ya Mbunge, Mama Akamfukuza Mwanawe

Mie ndo nilikosa. Nalisema mapema kabisa, ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio, maana watu wa huruma hawakosekani. Visingizio nilikuwa navyo vyangu vya kutosha, nimevitumia karibu miaka miwili, vimeniishia.

Jina sitaji. Mtaa nao sitaji, ujue tu ni huku upande wa Temeke. Wanaonifahamu watanitambua wakisoma mistari mitano. Wakinitambua, basi! Nishachoka kujificha.

Nina stationari. Kwa mitaa yetu stationari siyo pa kununua kalamu na kutoa kopi tu. Pale ndo mtoto anaombewa chuo, ndo anajaziwa fomu za mkopo, ndo barua inaandikwa. Mzazi anakuja kaishika bahasha kwa mikono miwili, anakwambia, "Mwanangu, tuangalizie, sie hatujui mambo ya mitandao." Miezi ile ya maombi ya vyuo nilikuwaga mtu mkubwa. Hata wasionipenda walikuwa wananisalimia.

Na nilikuwa na kazi ya pili. Nilikuwa namkatia klipu mbunge wetu.

Ilikuwa hivi. Mheshimiwa akiongea bungeni, msaidizi wake ananitumia video nzima. Mie nakaa kwenye kompyuta yangu pale dukani, natafuta kipande kinachonoga, naweka picha yake pembeni, muziki kidogo kwa mbali, halafu narusha kwenye magrupu yote ya mtaa. La akina mama, la msikiti, la wazazi wa shule, la timu ya mpira. Saa moja tu, kata nzima imeshaona.

Usidhani nilikuwa nalipwa vya maana. Nilichokuwa nakitaka ni udiwani wa viti maalum. Msaidizi alishaniambia, "Dada, mheshimiwa anakuona." Jamani! Anakuona! Kwa maneno hayo mawili mie nilishajiona nimekaa kwenye kikao cha halmashauri, mkoba mkubwa pembeni, watu wananiita mheshimiwa diwani. Mimi! Kiherehere gani kile?

Basi ukaja muswada wa ada za vyuo. Kwa lugha yetu ya kawaida, ulikuwa unasema serikali isiweke tena ukomo wa ada. Kila chuo kikuu kijipangie chenyewe kinavyotaka. Wengine walisema ni vizuri, vyuo vitajiendesha. Huku kwetu watu waliogopa, na wenye watoto walioko chuo tayari waliogopa zaidi, maana ada ikipanda mtoto yuko katikati, utamrudisha wapi?

Siku ya mjadala niliwasha tivii dukani. Mbunge wetu akasimama. Weee! Alichana siku hiyo, asikwambie mtu. "Mheshimiwa Spika, mama ntilie wa jimbo langu anaamka alfajiri kukanda unga ili mwanawe asome! Leo unakwenda kumwambia mama huyu chuo kitajipangia? Mheshimiwa Spika, nasema waliokwisha kuanza masomo waachwe na ada yao ya zamani! Waachwe!" Akapiga meza. Wateja wangu wakapiga makofi dukani kana kwamba anatusikia. Mie mwenyewe machozi yalinilenga.

Halafu kengele ya muda ikalia. Akashusha sauti, akafunga karatasi zake, akasema, "Baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja." Akakaa.

Kama hufuatilii Bunge utashangaa, ila wanaofuatilia wanajua, ndo zao. Mtu anaweza kuuponda muswada dakika zote alizopewa, ukadhani atauchana pale pale, mwisho wa yote anaunga mkono hoja. Yaani yote aliyosema yalikuwa maneno, na ile sentensi ya mwisho ndo msimamo wake.

Kesho yake zikapigwa kura, na safari hii waliita majina, mmoja mmoja. Kulikuwa na pendekezo la kuongeza kifungu, kwamba wanafunzi walioko chuoni tayari wasipandishiwe ada mpaka wamalize. Lile lile alilolipigia meza jana yake! Karani akasoma jina lake. Akajibu, "Hapana." Kikaja kuulizwa muswada mzima. Akajibu, "Ndiyo." Nilikuwa peke yangu dukani. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Jioni msaidizi akapiga simu. "Dada, ile ya jana ni moto. Ipige leo leo. Ila pale mwisho, si unajua? Malizia kwenye waachwe."

Nikamwuliza, "Na zile kura?"

Akacheka. "Dada yangu, nani anasoma kura?"

Hakunitisha. Hakunilazimisha. Nasema ukweli hapa ili nisimtwishe mtu mzigo wangu. Nilikata kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaondoa kengele na yale maneno matatu, naunga mkono hoja, nikamalizia kwenye "Waachwe!" na mkono wake ukiwa juu ya meza. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: ALITUPIGANIA. Hiyo hakuniagiza mtu. Hiyo niliitunga mie.

Ilienda! Mpaka watu wa Buguruni sokoni walikuwa nayo kwenye simu. Akina mama wakawa wanaisikiliza huku wanafuta machozi. Na kati ya walioipenda kuliko wote alikuwa somo yangu.

Sasa nikueleze huyu ni nani kwangu. Kwetu sie watu wa pwani, msichana akivunja ungo anapewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunda. Siyo mama yako, siyo shangazi yako, lakini mambo yako yote anayo yeye. Huyu ndo aliyenitoa mwali. Ndo aliyenisimamia harusi. Ndoa ilipovunjika, kwake ndo nilikolala siku kumi na moja bila kuulizwa swali. Watu wengine wanamwita Mama Nasra. Mie namwita somo, na yeye ananiita mwali wangu, mpaka juzi juzi, mtu mzima nina watoto wawili!

Nasra ndo binti yake wa pekee aliyefika kidato cha sita. Akafaulu vizuri. Mie ndo nilimwombea vyuo, pale pale dukani, na akapata viwili. Kimoja cha serikali, mkoani, ualimu wa sayansi, ada nafuu. Kingine cha binafsi, hapa hapa Dar, famasia. Moyo wake ulikuwa famasia tangu yuko mdogo, alikuwaga anawapimia wenzie dawa za mchanga.

Ukipata vyuo viwili lazima uthibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho, kingine kinaondoka. Wakaja mama na mtoto. Somo kavaa baibui lake la kutokea.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwali wangu. Tumekuja kwako, wewe uko karibu na wakubwa. Hiki cha famasia ada ya sasa naijua, nimeshaipigia hesabu, nitajikongoja nayo. Nauliza tu, wakija kupandisha katikati ya safari?"

Nasra naye akaongeza, "Dada, redioni wamesema muswada umepita."

Nikajua ndo wakati wa kusema. Nilijua kabisa! Lakini pale dukani kulikuwa na akina mama wengine wawili wanasubiri kopi, wote wa kwenye grupu. Nikacheka kidogo, nikasema, "Umepita kwa watakaoanza mbele huko. Nyie mkishaanza mmeshaanza. Si mmemsikia mheshimiwa?"

Somo akageuka kwa bintiye. "Umesikia? Waachwe."

Nikabonyeza kuthibitisha. Kile cha serikali kikaondoka hapo hapo.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Somo alikuwa anauza vitumbua na mihogo asubuhi, na jioni samaki wa kukaanga, mikono imeungua ungua. Nasra akija likizo anakuja dukani kunisaidia, ananisimulia majina ya dawa marefu, tunacheka. Nikawa najisemea, umeona? Hakuna kilichotokea. Mungu kanisitiri.

Mwaka wa pili ulipokaribia, somo aliuza kipande cha shamba Kimbiji. Shamba la marehemu baba yake, lenye minazi. Ndugu zake walimnunia, yeye akasema shamba halimpi mtu sindano akiumwa, mtoto aliyesoma atampa. Akaitoa ada yote ya mwaka kwa mkupuo, ile ile aliyoijua, akamkabidhi Nasra mkononi kwenye kitambaa.

Haikupita wiki mbili Nasra akaja dukani midomo imemkauka. Akanipa simu. "Dada, niprintie hii."

Ilikuwa ankara ya chuo. Ada mpya. Na ilikuwa imepanda siyo kidogo, imepanda ya kukutoa jasho, tena kwa wote, wapya na waliopo. Alichopeleka mama yake kilikuwa kimepokelewa na risiti ipo, lakini pengo lililobaki lilikuwa kubwa. Bila kulijaza, hakuna kuingia chumba cha mtihani.

Mashine yangu ndo iliyoitoa ile karatasi. Ilitoka bado ya moto, nikamkabidhi. Akaniambia, "Dada, njoo na wewe kwa mama. Mie mwenyewe hatanielewa."

Nikamwambia nina wateja.

Jioni yake somo akaja mwenyewe. Ana ile karatasi, na risiti anayo. Hajaketi, hajavua hata viatu mlangoni kama anavyofanyaga.

"Mwali wangu, nisomee. Mtoto ananiambia ada imepanda. Mbunge si aliwakatalia? Nimeuza minazi ya baba yangu nikampa ada kamili, leo ananiambia haitoshi. Au kaila? Maana nasikia kuna mvulana."

Hakukuwa na mvulana wa maana, alikuwa ni mwenzake wa kusoma naye tu. Nilijua.

Nikaishika karatasi. Nikaisoma taratibu kana kwamba ndo naiona mara ya kwanza.

"Hizi zote mbili kweli zimetoka chuo?" akaniuliza. "Maana karatasi hizi hata wewe si unaweza kuzitengeneza hapa hapa?"

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu kubwa liko hapa, kuliko hata ile klipu. Wakati ule chama kilikuwa kinajaza kiti kimoja cha udiwani kilichobaki wazi, na kura za maoni zilikuwa mwezi mmoja mbele. Somo alikuwa na mdomo, na alikuwa na heshima. Ningemwambia "imepanda, mbunge ndo alipiga kura ipande", kesho asubuhi kwenye vitumbua mtaa mzima ungejua, na wangeuliza nani alikata klipu. Nilipiga hesabu hiyo huku namwangalia usoni mwanamke aliyenifunda. Hesabu ya kishetani!

Nikasema, "Somo, karatasi siku hizi... mie siwezi kuapa."

Hayo tu. Siwezi kuapa.

Akasema, "Basi kesho naenda chuo kuuliza mwenyewe."

Nikamwambia, "Utapanda magari mangapi, somo, na miguu hiyo? Watakuzungusha dirisha hili na lile. Tulia kwanza, mbane mtoto atasema."

Alitulia. Alinisikiliza, kwa sababu ni mie. Akaenda akambana mtoto.

Nyumba zetu zimebanana, yaliyosemwa niliyasikia nikiwa uani kwangu. Nasra alikuwa analia, anasema, "Mama, wallahi sijala! Mwulize dada! Dada ndo kaniprintia!" Na somo anajibu, "Nimemwuliza! Hata yeye hawezi kukuapia!"

Nilikuwa nafua. Niliendelea kufua.

Somo akamtoa nje na begi lake. Akamwambia asimwite mama mpaka arudishe minazi ya babu yake. Majirani wakatoka, wengine wakasema mwache, wengine wakasema watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Nasra alipita mbele ya mlango wangu. Aliniangalia. Mie nilijitia kukamua shuka.

Mtihani hakufanya. Alikaa kwa rafiki yake Tegeta miezi kadhaa, anauza duka la vipodozi la mtu, halafu tukasikia kaenda Maskati, kazi za ndani. Famasia yote ile, sasa anaosha vyombo vya watu na kubadilisha vitoto nepi.

Na udiwani? Hahaha! Niliambulia kura za kuhesabu kwa vidole. Msaidizi hata simu yangu hakupokea wiki ile. Alipokuja kupokea akaniambia, "Dada, ndo siasa, jipange upya." Na mie, bila aibu, nikajipanga. Nikaendelea kukata klipu! Nikasema labda awamu ijayo. Unaona mtu nilivyokuwa?

Mwaka huu mheshimiwa akaja kufanya kikao na akina mama, pale uwanja wa shule. Turubai, viti vya plastiki, soda. Mie ndo nilikuwa narekodi. Akina mama wakapewa nafasi ya kuuliza maswali, na somo akanyanyua mkono. Nilipomwona anasimama, nikaendelea kurekodi.

Alikuwa amekonda. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, mie sina swali. Mie nimekuja kukuomba radhi. Wewe ulitupigania kule bungeni ada zisipande kwa watoto wetu walioanza. Nilikuona kwa macho yangu. Mwanangu ndo kaniangusha. Kaila ada, kaacha chuo, kakimbia nchi. Nikikutana na wewe nilikuwa naona haya, maana wewe ulifanya sehemu yako."

Nikamwangalia mheshimiwa. Nilidhani atababaika hata kidogo! Labda atakohoa, labda ataangalia chini. Mtu anajua mwenyewe alisema nini jina lake lilipoitwa.

Akasimama, akamfuata, akamshika bega. "Mama yangu, usijilaumu. Watoto wa siku hizi ni mtihani. Tuzidi kuwaombea." Akaagiza aletewe khanga. Akamvisha mwenyewe mabegani. Watu wakapiga makofi, wengine vigelegele.

Msaidizi akaninong'oneza, "Umeipata hiyo? Hiyo dada ni dhahabu. Irushe leo."

Sikuirusha. Nilirudi nyumbani nikatapika. Siyo maneno ya kunogesha hadithi, nilitapika kweli, kwenye beseni, mpaka wanangu wakaogopa.

Asubuhi nikaenda kwa somo. Alikuwa anachoma vitumbua, nikasubiri mteja wa mwisho aondoke. Nilikuwa nimeipakua video nzima kwenye simu, na ile ya kura. Nikamwambia, "Somo, nimekuja kukuonyesha kitu. Ukimaliza nifanye utakavyo."

Akafuta mikono, akaketi kwenye kigoda. Akasikiliza. Alipofika kwenye "Waachwe!" akaanza kutikisa kichwa kama kawaida yake, anadhani imeisha. Haikuisha. Ikaja kengele. Yakaja yale maneno matatu. Akakunja uso. Nikampa ya kura. "Hapana." Halafu "Ndiyo."

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena, sikio kaliweka karibu na simu.

"Hiyo hapana ni ya nini?"

"Ya kuwalinda walioanza. Alikataa wasilindwe."

"Kwa hiyo ada ilipanda."

"Ilipanda, somo."

"Na karatasi ya Nasra?"

"Ilikuwa ya kweli. Mie ndo niliitoa kwenye mashine."

Mafuta yalikuwa yanaungua kwenye chuma cha vitumbua, moshi umejaa, hakuna aliyeinuka. Kisha akaniuliza polepole, "Siku ile nilipokuja kwako, nikakuuliza mie, mtu mzima, nimesimama mlangoni. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulishazoea. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Nilitegemea kofi. Naapa ningeshukuru. Nilitegemea anitukane mpaka nguo ya ndani. Hakufanya lolote. Alilia, lakini siyo kwa sauti, alikuwa anapumua tu kama mtu aliyepandishwa mlima. Akasema, "Nilimpiga yule mtoto. Nilimpiga na mwiko. Aliniambia, mama, mwulize dada, mwulize dada, na nilikuuliza."

Nikapiga magoti, nikamshika miguu. "Somo, nisamehe."

Akaitoa miguu yake mikononi mwangu, taratibu. "Usiniite hivyo. Niite Mama Nasra, kama wanavyoniita watu."

Akainuka akaepua chuma.

Nasra kule alipo hapewi simu ila Ijumaa. Tulingoja siku nne. Siku hiyo Mama Nasra aliniita nije, siyo kwa wema, alinitaka niseme kwa mdomo wangu. Nikasema yote. Upande wa pili nasikia tu maji yanatiririka. Mama akachukua simu. "Mwanangu, nisamehe mie. Rudi nyumbani. Nitauza kilichobaki, urudi chuo."

Nasra akasema, "Sawa, mama. Nimesikia. Mkataba haujaisha, na chuo wameshanifuta. Ngoja nimalizie vyombo, wanakuja wageni." Simu ikakatwa.

Hakutukana. Hakulia. Alikuwa na sauti ya mtu mwingine kabisa, sauti ya mfanyakazi anayemjibu bosi. Mama yake akabaki ameishika simu sikioni, anasema, "Haloo? Nasra? Haloo?" Mpaka leo Nasra anatuma hela kila mwezi, na ujumbe wa maneno mawili, "Imefika mama?" Zaidi ya hapo haongei.

Nikasema basi angalau mtaa ujue. Nikarusha video nzima kwenye magrupu yale yale, na kura yake, na maelezo kwamba mie ndo nilikata. Unajua walisema nini? Walisema hiyo mpya ndo imechezewa! "Huyu kakosa udiwani, ana hasira." "Kanunuliwa huyu." "Tunaijua ya kweli, tunayo toka zamani." Na wakairudisha ile yangu, ile yenye ALITUPIGANIA chini. Wakanitoa kwenye grupu la akina mama nililolianzisha mwenyewe. Uchaguzi mkuu ulipofika, mheshimiwa akapita tena kwa kishindo.

Wateja wamepungua. Mzazi mwenye bahasha anapita mbele ya duka langu anaenda la mbele. Wala simlaumu, mie mwenyewe nisingenipa bahasha ya mwanangu. Kila asubuhi napita pale kwenye vitumbua nasema, "Shikamoo, Mama Nasra." Anaitikia marahaba, kwa sababu ya malezi yake tu, halafu anaangalia mafuta.

Ndugu yangu unayesoma, kama na wewe unafanya kazi niliyokuwa naifanya, unawapamba watu kwa kipande cha dakika moja, ujue kuna mama mahali fulani anapanga maisha ya mwanawe kwa kipande hicho. Acha. Leo hii acha, hata kama umeahidiwa cheo. Na mbunge akikuvutia kwa maneno, usiishie kwenye maneno, tafuta jina lake lilipoitwa alijibu nini. Kura zipo, zinaandikwa, hakuna anayezificha, ni sie tu hatuulizi.

Na wewe mama, baba, mtoto akija na karatasi analia anakwambia haitoshi, panda gari, hata kama ni matatu, hata miguu ikiuma, nenda chuoni ukaulize dirishani mwenyewe. Usiende kuuliza kwa mtu unayempenda mtaani, mwenye lugha nzuri na kompyuta. Mama Nasra alikuja kwangu, na mie nilimwambia siwezi kuapa.